Mate, Pua na Mkwe Wangu

Siku ile mliponiaga pale kantini, mkwe wangu Maduhu alisimama kusema maneno machache, na mimi na Rozalia wa maabara tukainamisha vichwa mpaka mabega yakatikisika. Baadaye Dotto aliniuliza kama tulikuwa tunalia. Nikamwambia nitaandika. Sasa niko hapa Kiseke, kuku wamekwisha kunizoea, sina tena kisingizio. Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye hema ya kupimia na kwenye mashine, hasa wale wanaoendelea kubishana lipi bora, kupokea mate ya mgonjwa au kumwingizia kijiti puani. Naomba radhi mapema. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mengi ninayoyajua niliyajua kwa kusimama nyuma ya watu na kuchungulia. Nikikosea Rozalia atanisahihisha. Kazi hiyo haijawahi kumchosha.

Hospitali niliingia na ufagio. Maabara yetu wakati huo ilikuwa vyumba viwili vinavyotazama ziwa, na upepo wa asubuhi ulikuwa unaingia na harufu ya dagaa mpaka kwenye darubini. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Lukas, Mjita mwenye sauti ndogo na viatu vilivyong'aa kuliko vyombo vyake. Siku moja alinikuta nasoma maandishi ya kwenye chupa huku nafuta meza. Hakuniuliza kama najua kusoma. Aliniuliza kama najua tofauti ya mate na makohozi. Nikasema najua. Akasema, "Hujui. Njoo."

Basi kazi yangu ya kwanza ya maana ikawa kukaa dirishani na kurudisha mate. Ilikuwa ni kwa ajili ya kifua kikuu. Mgonjwa anatakiwa alete makohozi, yale mazito yanayotoka chini kifuani baada ya kuvuta pumzi na kukohoa kwa nguvu. Wengi walikuwa wanaleta povu. Mtu anatema tu kidogo, anafunika kikombe, anakuja nacho kwa adabu kama kabeba mboga ya jirani. Mimi nakiinua, nakitazama kwenye mwanga, nakirudisha. Mwalimu mmoja wa Butimba nilimrudisha mara nyingi mpaka akaniuliza, "Kwani mama, hayo yametoka kwa nani kama siyo kwangu?" Mzee Lukas akasema kutoka ndani, bila kuacha kutazama darubini, "Mwambie mwalimu hatukatai kwamba ni yake."

Nayasema haya ili mwelewe nilikotokea. Nusu ya maisha yangu ya kazi nililipwa kwa kuyadharau mate.

Kuchukua sampuli za pua nilifundishwa na huyo huyo Mzee Lukas, wakati maabara ilipoanza kupima mafua makali, kabla korona haijajulikana. Aliniletea kijiti chembamba kinachopinda na kuniambia niache kufikiri kwamba pua inakwenda juu. Kwa nje inaonekana hivyo. Ukweli ni kwamba njia yake inakwenda nyuma, kwa usawa wa tundu la sikio. Ukielekeza kijiti juu utamliza mgonjwa na hutapata kitu. Ukielekeza nyuma, ukiwa umekishika kama kalamu, kinateleza chenyewe mpaka kinagota mahali laini. Hapo unatulia, unakizungusha taratibu, unakiacha kinywe, halafu unakitoa. Na usimkimbize mgonjwa. Mwache kwanza ameze mate yake na woga wake.

Aliponimalizia maelezo akakaa kwenye kiti, akavua miwani, akaniambia nianze na pua yake. Nikaingiza kijiti. Yeye machozi yalimtoka jicho moja tu, akasema kwa upole, "Mama Milembe, umefika jichoni. Rudi, anza tena."

Na vijiti vina aina zake. Hili nawaambia kwa sababu bado kuna mtu, simtaji, anayetaka kutumia vile vya mti na pamba vikipungua vya kawaida. Pamba inashika na haitaki kuachia. Tena mti wenyewe una mambo yake yanayoivuruga mashine. Ukikosa kijiti sahihi, mwambie mgonjwa ukweli, arudi kesho. Atakununia, lakini ni afadhali kuliko kumpa jibu la pamba.

Pua nayo ina vituko vyake, siisifii bure. Mzee mmoja mfugaji alitoka huko Magu, kavaa koti zito, mafua yamemshika kweli kweli. Nikaingiza kijiti, kikatoka cha kahawia kama nimechovya kwenye udongo wa kufinyangia. Ugoro. Nikamwomba asafishe pua. Akasafisha, nikaingiza tena, kahawia. Nikamuuliza ana ugoro kiasi gani humo ndani. Akanitazama kama nimemuuliza idadi ya ng'ombe wake, akasema, "Binti, huo ni wa siku zote. Huwezi kuumaliza leo." Mashine ilikataa kabisa kumsoma.

Sasa Rozalia. Wengi mnamjua kama bosi, lakini mimi nilimpokea akiwa mgeni, katoka chuoni Dar es Salaam na begi moja na maneno mengi. Ni Mkerewe, kakulia kisiwani, na wakati korona imetubana alikuja na wazo. Alisema watu wanaikimbia hema yetu kwa sababu ya kijiti. Na kweli walikuwa wanaikimbia. Kulikuwa na maneno mitaani kwamba kile kijiti kinafika kwenye ubongo. Mama mmoja wa Mkolani alifika mpaka kwenye kiti, akakiona, akasema anakwenda kumfungia mbuzi wake, na hatukumwona tena. Rozalia akasema tuwape kikombe, mtu ateme mwenyewe, hakuna anayemgusa. Lakini kwanza tulinganishe. Kila anayekuja atoe vyote viwili, mate na pua, vipimwe kila kimoja peke yake, tuone kama mate yanakiona kile ambacho pua inakiona.

Mimi nilimwambia miaka yote nimekuwa narudisha mate dirishani, leo niyapokee kwa mikono miwili? Akasema ndiyo, na nitabasamu. Nikamwambia nimevaa barakoa, hatajua kama natabasamu. Akasema atajua kwa macho.

Tangu siku hiyo akaniita Mama Pua. Mimi nikamwita Dada Mate. Alikuwa anapita karibu na hema akiwa na trei ya vikombe na kuniuliza kama leo nimetoboa wangapi. Mimi namwuliza kama leo kavuna povu kiasi gani. Wagonjwa walikuwa wanadhani tumegombana.

Nitakuwa mwongo nikisema mate yalikuwa rahisi. Mtu akiambiwa ateme, mdomo unakauka. Rozalia aligundua dawa: alikuwa anawaambia wafumbe macho wafikirie sato wa kukaanga, yule mkubwa wa ziwani, anatoka kwenye mafuta, kakamuliwa ndimu. Mate yanakuja yenyewe. Kwa wale wasiokula samaki alikuwa anataja embe bichi na chumvi. Saa nne asubuhi hema nzima inakuwa na njaa, pamoja na mimi.

Majibu ya mwanzo yalinipendelea mimi. Kila mara tulipompata mgonjwa, pua ilikuwa imemwona, na mate mara yamemwona, mara yamempita kama hayamjui. Nilifurahi kuliko ilivyonipasa. Lakini kulikuwa na mambo yaliyonikalisha chini. Alikuja mvuvi aliyeugua muda mrefu, anapumua kwa shida. Nikamchukua pua vizuri kabisa, mkono wangu haukukosea, au nadhani haukukosea. Jibu, hana kitu. Mate, hana kitu. Rozalia hakuridhika, akasema ugonjwa unaweza kuwa umeshahama puani, umeshuka chini. Manesi wakamsaidia akakohoa makohozi yale yale ya zamani ya dirishani kwangu, na virusi vikawa humo. Kwa hiyo wenzangu, mtu akiwauliza kipi ni bora, kwanza mwulizeni ameugua lini na anaugulia wapi. Hilo ni la Rozalia, mimi nimelibeba tu.

Hapo ndipo tulipokuwa wakati Milembe, binti yangu wa kwanza, alipojifungua kabla ya siku zake.

Alifanyiwa upasuaji hapo hapo hospitalini kwetu. Mtoto alikuwa njiti, wa kike, mdogo kiasi kwamba nilipomwona nilirudi nyuma kwanza. Milembe presha ilipanda, akawa hawezi hata kuketi, sembuse kubeba. Sista wa wodi ya njiti, mama mmoja mkali lakini wa haki, akatueleza kwamba mtoto yule anahitaji kifua cha mtu. Mnajua kangaroo: anawekwa ngozi kwa ngozi, anafunikwa, joto la mtu ndilo linalomkuza. Kila siku anayokaa bila kifua ni siku anayorudi nyuma. Akauliza nani atambeba.

Mimi nilikuwa nashinda hemani na wagonjwa wa korona, sista hakutaka hata kunisikia. Aliyebaki alikuwa baba yake mtoto, Maduhu. Ni fundi wa kuchomelea, karakana yake iko Mkolani, anatengeneza mageti na vitanda vya chuma. Siku hiyo alikuja kavaa shati jipya la vifungo, pana, kalinunua kwa ajili ya kufungulia kifua. Alikuwa tayari. Ila alikuwa anakohoa.

Alisema ni moshi wa kuchomelea. Huenda alisema kweli, kwa sababu mafundi wote wale wanakohoa. Milembe tulikwishampima, yeye alikuwa salama. Sista akasema moshi au si moshi, bila majibu hamkaribii mtoto. Mpelekeni hemani.

Hemani niko mimi.

Hapa niwaeleze ninyi mliokulia mjini. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa umbali. Maduhu tangu amwoe binti yangu hajawahi kunipa mkono. Hatukai mkeka mmoja, hatuli sahani moja. Akiniona njiani anapisha, anainama, ananiamkia akiwa anatazama majani. Mimi namwita baba, namwitikia nikiwa natazama upande wangu. Siyo kwamba tumechukiana. Nampenda, ni kijana mzuri kwelikweli. Lakini kumshika mkwe wangu kidevu, nimtazame ndani ya pua, nimwingizie kitu mpaka machozi yamtoke, hilo hata kulifikiria nilikuwa naona joto usoni.

Dotto, mwenzangu pekee wa kuchukua pua, alikuwa kapelekwa mwaloni kuchukua sampuli za wachuuzi wa samaki, angerudi jioni. Kwa hiyo nilipomwona Maduhu anakuja kwenye foleni nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya: nilijificha nyuma ya deli la sampuli, nikajifanya napanga barafu. Rozalia akampa kikombe. Maduhu akakipokea, akaomba dakika chache, akaenda nyuma ya jengo. Kutema mbele ya mama mkwe nako ni kazi nyingine. Alirudi nacho kimefunikwa kwa leso. Sampuli ya pua Rozalia akasema itangoja Dotto arudi.

Mchana jibu la mate likatoka. Hana kitu.

Nawaambia nilivyojisikia kwa sababu sitaki kuwadanganya. Nilifurahi sana. Mimi, Mama Pua, nilijikuta nayapenda mate. Nikawaza Rozalia ni msomi, mashine haina undugu na mtu, kikohozi ni cha moshi, mtoto anangoja kifua. Nikashika njia kwenda kumwambia sista. Nilifika mpaka kwenye mlango wa wodi. Pale nikasimama, nikajiuliza: angekuwa mkwe wa mtu mwingine, ningeyakubali haya mate? Nisingeyakubali. Ningesema ngojeni pua. Nilikuwa nimesema hivyo wiki nzima kwa watoto wa watu.

Nikarudi. Rozalia alikuwa anaandaa mashine. Nikamwambia siliamini jibu lake. Akacheka, akasema leo ndiyo siku ya kwanza mate yamekupa unachotaka, na bado unayakataa. Nikamwambia ndiyo maana nayakataa. Akasema tungoje Dotto. Nikamwambia mtoto hangoji Dotto, nenda ukamchukue pua wewe.

"Mimi?" akasema. "Mimi nikimgusa pua atatoka damu, halafu utasema ni mate yamefanya. Mkono wenye kazi hiyo ni wako."

"Rozalia, yule ni mkwe wangu."

Halafu akaniuliza nikivaa gauni, kofia, barakoa, miwani na ngao ya uso, nani atanijua.

"Atanijua ninavyotembea."

"Basi usitembee. Nitamleta yeye."

"Atanijua sauti."

"Usiseme. Leo sista wetu koo linauma."

Ndivyo tulivyofanya. Alinivalisha mwenyewe, akanikaza kamba za mgongoni kama ananifungia mzigo, akanisimamisha kando ya kiti, akaniambia niwe nguzo. Halafu akaenda kumleta Maduhu. Nikamsikia anamwambia huyu sista hasemi sana, koo lake limekauka, akikuonyesha kwa mkono inua kidevu, basi inua.

Maduhu akakaa. Akafumba macho kabla hata sijasogea, akayafumba kwa nguvu kama mtu anayeoga na sabuni. Mikono kaiweka magotini. Halafu akasema, taratibu, akiwa bado kafumba:

"Shikamoo, sista."

Sasa, hema yetu ilikuwa imejaa vijana. Sista yeyote ambaye angekuwa ndani ya lile gauni angeweza kuwa mdogo wake. Mtu wa umri wa Maduhu haamkii tu gauni. Rozalia akageuka kutazama ziwa, akapata kikohozi cha ghafla. Mimi nilikuwa nimekwishaambiwa nisiseme. Marahaba ilinifika mpaka kwenye meno, nikaimeza. Nikaitikia kwa kichwa tu, jambo ambalo yeye hakuliona.

Nikamwinua kidevu kwa vidole viwili. Nikakumbuka nyuma, siyo juu. Nikamngoja ameze. Nikasikia sauti ndogo ya Mzee Lukas, marehemu, ikiniambia umefika jichoni. Nikatulia. Kijiti kikaenda. Nikakizungusha, nikakiacha kinywe, nikakitoa, nikakivunja ndani ya kichupa chenye maji ya rangi ya waridi, yale ya kuhifadhia sampuli. Machozi yalimtoka macho yote mawili. Akasema asante kwa lile gauni, akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, kama mtu anavyotoka kwa mama mkwe wake.

Jibu la pua lilipotoka, Rozalia hakunitania. Alikuja mpaka nilipo, akasema, "Anayo, mama. Tena nyingi."

Nilikaa juu ya deli. Nilikuwa sijui nifurahi kwamba hakuingia wodini au nilie kwamba hataingia. Rozalia akaenda nje kumwambia. Nami nilikuwa nimevua lile gauni, nikasimama karibu na kona, nikiwa nimewapa mgongo. Nilimsikia Maduhu anamwuliza Rozalia, "Sasa mtoto atabebwa na nani?"

Nikamwambia Rozalia, bila kugeuka, "Mwambie bibi yake yupo."

Rozalia akamwambia bibi yake yupo, ingawa tulikuwa hatua chache tu tukisikiana vizuri.

"Mwambie bibi namshukuru," Maduhu akasema. "Na hili shati limefuliwa, kama litamfaa."

Rozalia akasema litafuliwa tena, na kwa dawa.

Kabla ya hapo ilibidi nipimwe mimi. Sista alisema niachane na hema kabisa, na akataka pua na mate, vyote viwili, kwa sababu baada ya yale ya Maduhu hakuwa anaamini kimoja. Rozalia ndiye aliyenichukua pua. Nimeipenda kazi yangu, lakini ilikuwa ni mara yangu ya kwanza kukaa upande ule wa kijiti kwa mkono wake. Alikwenda juu. Nilimwambia kwa unyonge, "Dada Mate, umefika jichoni." Ilipofika zamu ya mate mdomo wangu ulikauka kama unga. Akaniambia nifikirie sato. Nikamfikiria sato, mafuta, ndimu, sikupata kitu. Ndipo nilipomfikiria yule mtoto, nikapata machozi badala ya mate, na Rozalia akasema hayo hatulinganishi. Yote mawili yalitoka salama, na sista akanipima tena kabla ya kunifungulia mlango.

Nilimbeba. Nililivaa lile shati la vifungo, kubwa mno kwangu, mtoto akiwa ndani yake kama paka. Asubuhi mpaka jioni nakaa kwenye kile kiti, mikono haina kazi, mimi ambaye tangu niajiriwe sikuwahi kukaa. Maduhu alikuwa anakuja kusimama nje kwa mbali, upande wa dirisha, baada ya kumaliza siku zake za kujitenga; hapo awali hata huko hakuruhusiwa. Sista anamwambia gramu alizoongeza, naye anaondoka kwenda kumweleza Milembe. Milembe alipopata nguvu nikamkabidhi. Maduhu alipothibitika kupona, naye akapata zamu yake, na nasikia alikuwa anaimba humo wodini mpaka wakamwomba apunguze.

Lakini swali la Rozalia lilikuwa bado. Kwa nini mate yalimpita mtu mwenye virusi vingi vile? Hakulala nalo vizuri, nilimjua. Maduhu alipopona akamwita, akamwuliza siku ile alifanya nini na kile kikombe. Maduhu akaona haya, akazungukazunguka, mwisho akasema. Alijua mama mkwe wake anafanya kazi hapo. Alijua kikombe kile kinaweza kupita mikononi mwake. Sasa atampelekeaje mama mkwe mdomo mchafu? Kule nyuma ya jengo kulikuwa na bomba. Alipiga mswaki aliokuja nao kwa ajili ya kushinda wodini, akasukutua, akasukutua tena kwa chumvi aliyokuja nayo kwenye karatasi, ndipo akatema. Alichotuletea kilikuwa karibu ni maji ya bomba yenye heshima nyingi.

Rozalia alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka, akaanza kuwauliza wengine. Na wengine walikuwa hivyo hivyo. Mama wa dagaa, wanafunzi wa ualimu, wafugaji, karibu wote walikuwa wamesafisha vinywa kwanza, kwa sababu huwezi kwenda hospitali na kumpa daktari uchafu. Hakuna aliyewaambia wasifanye. Rozalia hakufikiria kuwaambia. Mimi nilivipokea vile vikombe kwa mikono yangu, nikanusa dawa ya meno kwenye vingi, na nikafurahi kwamba siku hizi watu ni wasafi. Tulikosea wote wawili, nusu kwa nusu, na ningependa iandikwe hivyo.

Tulipoanza kuwaambia waje na mdomo kama walivyoamka nao, bila mswaki, bila chai, bila kusukutua, mate yalibadilika. Yalianza kuona. Siyo kila mara, na pua bado naipa nafasi ya mbele kidogo, hasa mkono ukiwa mzuri. Lakini yalisogea karibu kuliko nilivyopenda. Kwa mzee mwenye ugoro yanafaa kuliko pua. Kwa mtoto anayepiga mateke yanafaa. Kwa yule mama wa Mkolani aliyekwenda kumfungia mbuzi wake yangefaa sana. Na kwa mtu ambaye mchukuaji sampuli ni mama mkwe wake, hapo sijui. Nimelifikiria mara nyingi, sijapata jibu. Pengine ampate Dotto.

Kwa hiyo msiniulize tena mimi ni wa upande gani. Nimerudisha mate nusu ya maisha yangu, na nusu nyingine nimeyapokea. Nawaachia vijiti vyangu kwenye droo ya kushoto, na vikombe viko juu. Vitumieni vyote, na kabla ya yote mwulizeni mtu amefanya nini asubuhi.

Sasa ile siku ya kuniaga. Mjukuu wangu alikuwa anazungukazunguka kati ya viti, anasoma chekechea sasa, na ana pua ya baba yake. Mimi ni mmoja wa wachache wanaoweza kuapia hilo. Maduhu alikaa meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango, kama inavyompasa. Hajawahi kuligusia jambo lile kwangu, wala mimi kwake. Mshereheshaji akasema familia ina neno. Akasimama, akatazama sakafu.

Alisema hana mengi. Alisema zamani kidogo aliwahi kuja hapa kupima, na kuna sista mmoja alimchukua pua vizuri sana, hata hakuumia. Mabega ya Rozalia yakaanza hapo.

"Yule sista nilimwamkia, koo lilikuwa linamsumbua, hakuitikia," akasema. "Jina lake sikulijua. Kama bado yupo kazini hapa, au kama amestaafu, naomba anayemfahamu amfikishie shikamoo yangu."

Wengi mlitazamana, hamjui mcheke wapi. Rozalia alinipiga goti chini ya meza. Mimi nilikuwa natazama sahani yangu, na niliendelea kuitazama.

"Marahaba, baba," nikasema. "Amepona koo."